Ametoweka Leo Asubuhi

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku tumefika salama na tu wazima, natumaini nanyi mko hivyo hivyo. Mfikishie Mama salamu, umwambie ile sweta aliyomfumia Kidoti imetufaa sana, maana kiwanda hiki cha maziwa kina baridi mpaka kwenye kuta.

Kazi nimeipata kama walivyoahidi. Majokofu ni makubwa na makongwe, na fundi aliyenitangulia alikuwa akiyafunga kwa waya na dua. Tumepewa nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili, ndani ya ukuta wa kiwanda. Getini kuna mlinzi mchana na usiku. Mshahara umenifurahisha, lakini huyo mlinzi amenifurahisha zaidi.

Sasa nisikilize. Simu nimeizima na laini nimeivunja. Usinitafute kwa simu ya ofisi ya kiwanda. Ukiwa na neno, liandike kwenye karatasi umpe dereva wa lori la maziwa, huwa anakuja mjini kwenu kila baada ya majuma mawili kama gari halijamsusia. Na juu ya barua uweke tarehe. Hilo ndilo ombi langu kubwa. Tangazo lako lingekuwa na tarehe, leo nisingekuwa hapa.

Sisemi kwa ubaya. Kidoti anakusalimu na amekuchorea nyumba yetu mpya, utaikuta ndani ya bahasha.

Mdogo wako,
Barafu

22 Februari

Barafu, mdogo wangu,

Marahaba, na asante kwa barua, ingawa imefika ikinuka maziwa yaliyolala. Mama hajambo. Ana kikohozi kidogo, lakini bado anagombana na jirani wa juu kuhusu maji ya kufulia yanayomwagikia kamba yetu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi sare za shule zimenizidi kimo. Nikimaliza sketi, wanaleta makaptula. Na wewe mwandiko wako umepatwa na nini? Umelala upande kama mlevi.

Unasema husemi kwa ubaya, kisha unasema. Haya, na mimi niseme, maana ulifungasha mizigo umenuna na hatukupata kukaa tukazungumza.

Tulilala Kidoti yupo, tukaamka hayupo. Viatu vyake havipo mlangoni. Wewe kila siku unatoka peke yako kwa miguu kabla hatujaamka, kwa hiyo sikukuwaza. Ningejuaje kuwa umemchukua kwenda kung'olewa jino? Nikakupigia, simu inaita tu haipokelewi. Jirani wa juu akasema amemwona mtoto akipanda gari jeupe na mwanamume mwembamba mwenye koti la kijani. Gari uliloazima kwa tajiri wako nilikuwa sijapata kuliona, na koti ulipewa kazini jana yake. Mtoto yule nimemlea tangu wifi alipofariki, akiwa hajui hata kukaa. Nikaandika nilichoambiwa: "Mtoto wetu ametoweka leo asubuhi. Ana miaka minane, ana alama nyeusi chini ya jicho la kushoto. Ameonekana akipandishwa gari jeupe na mwanamume mwembamba mwenye koti la kijani. Tafadhali sambaza." Nikaweka na picha yake. Nikatuma kwenye kundi la wazazi wa darasa lake, la majirani, na la wateja wangu wa sare. Mchana mkarudi, yeye amevimba shavu, wewe umebeba mfuko wa nyama kutoka kwa bucha uliyemtengenezea jokofu, mnashangaa watu wamejaa uani.

Jioni ile ile niliandika kote kuwa amepatikana. Watu wakaniwekea vimioyo na vikono vya kuomba. Nikadhani yamekwisha.

Yule aliyewapiga picha mkinunua viatu, siku nyingi baadaye, hatumjui mpaka leo. Aliona alama ya Kidoti, akalikumbuka tangazo, akabandika sura yako na neno lake: "Mwizi wa mtoto ndiye huyu." Tangu hapo maneno yangu na picha yake vinatembea pamoja, na kila anayelisoma anaona "leo asubuhi", akiamka kesho ni leo, kesho kutwa ni leo.

Nimeapa kuliua, Barafu. Kila linaponifikia nalijibu, naweka picha ya mtoto na neno AMEPATIKANA kwa herufi kubwa. Nipe muda.

Kidoti ameanza shule? Hukusema. Na mlisafirije? Umeandika mmefika salama, basi, kama telegramu. Mchoro nimeubandika juu ya cherehani. Nyumba ni nzuri, ila amesahau kuweka mlango.

Dada yako,
Redio (maana najua ndivyo unavyoniita nikigeuza mgongo)

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Mama apewe maji ya uvuguvugu kwa hicho kikohozi, na asilale dirisha likiwa wazi.

Mwandiko ni kwa sababu nilibanwa mkono na mlango wa gari. Si kitu.

Kidoti anasoma nyumbani. Asubuhi namwachia hesabu, mchana nazisahihisha. Kusoma anasoma vizuri sana siku hizi, anasoma hata maandishi ya kwenye makopo. Shule tutaangalia.

Umeuliza tulisafirije. Tulisafiri.

Ninakuomba uache kulijibu hilo tangazo. Liache lilale.

Barafu

8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja tu, maana hakukuwa na cha kusoma mara ya pili. Mama anakohoa usiku, mchana anapata nafuu. Hamu ya kula imempungua kidogo. Jirani wa juu ameleta supu akidhani atasamehewa ya kamba. Hakusamehewa, ila supu ilinyweka.

Nina jambo la kukwambia na linaniuma. Ulisema kweli, ningeliacha lilale.

Niliamua kulifuata nyuma. Kila aliyeniletea tangazo nilimuuliza, wewe umelitoa wapi? Nikampata huyo, nikamuuliza, na wewe je? Wengine walinitukana, wengine walidhani ni polisi. Lakini wengi walijibu, na nimejifunza mambo ambayo ningekuwa nimeyajua zamani tusingefika hapa.

Kwa wanaotufahamu lilikufa siku ile ile. Wazazi wa darasa, majirani, wote walimwona Kidoti jioni akiruka kamba. Aliyelitoa nje ni muuza makochi wa kona. Yeye yumo kwenye kundi la majirani kwa sababu ya duka lake, na yumo kwenye kundi la madereva wa malori wanaombebea mbao. Sisi na yeye ni salamu tu. Anatujua kiasi cha kutuonea huruma, lakini si kiasi cha kusikia kwamba mtoto amerudi. Alilituma kwa madereva saa tatu asubuhi, halafu akapigilia misumari yake mpaka usiku. Madereva wakalipeleka kila mji wanakolala. Kwa kila hatua ni hivyo hivyo, Barafu. Halibebwi na rafiki wala adui. Linabebwa na mtu mwenye mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, mtu mwema, mwenye haraka.

Na AMEPATIKANA yangu? Kumwambia mtu kuwa amepatikana ni kumwambia hana la kufanya. Anashukuru, anakaa. Kumwambia ametoweka ni kumtuma. Anajiona atakuwa na dhambi asiposambaza. Mbaya zaidi, nilipokuwa nikijibu kwa picha, watu walikuwa wanaiona picha, hawasomi neno, wanalitafuta tangazo la zamani na kulirusha upya. Mwezi wa Machi lilirudi kwa nguvu kuliko Januari. Mimi ndiye niliyekuwa nalilisha.

Nimeacha.

Sasa na wewe jibu. Dereva wa lori hakutaka kusema, nikamtilia chai ya pili, akasema. Anasema ulipofika kiwandani mkono ulikuwa kwenye plasta ngumu na vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Anasema pazia la nyumba yako halifunguliwi. Anasema wafanyakazi wengine wana watoto, wanacheza karibu na matangi, na wa kwako hajapata kumwona hata siku moja. Mlango wa gari haufanyi hayo yote.

Redio

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama anaendelea vizuri.

Umetaka, basi pokea.

Tulipokuwa tunakuja huku basi lilisimama kwenye ile stendi kubwa ya kati, abiria wakashuka kujinyoosha. Nilimshika Kidoti mkono, tukaenda kununua maji. Nilikuwa nimevaa koti la kijani, maana ndilo zito nililo nalo. Muuza maji akaniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena. Akamwita mwenzake. Nilipogeuka walikuwa wameshanizunguka. Hawakuwa wahuni, dada. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, kulikuwa na mzee wa heshima zake amevaa tai. Yule mzee akainama, akamuuliza Kidoti kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, usiogope. Huyu mtu ni nani yako?"

Kidoti akanyamaza.

Nikamwambia, sema mama, waambie. Akaniangalia, akawaangalia, akauma midomo. Unajua kwa nini. Wewe na mimi tulimfundisha pamoja, pale jikoni, baada ya tangazo lako: mtu usiyemjua akikuuliza kitu, usimjibu neno, hata akiwa mpole, hasa akiwa mpole. Tulimpa na biskuti alipokariri vizuri. Basi alikariri vizuri.

Mkono niliuinua kukinga kichwa. Kilichofuata sitakiandika. Kondakta wetu ndiye aliyenitoa, kwa kuwa tikiti zetu zilikuwa na jina moja la ukoo. Yule mzee wa tai ndiye aliyempa Kidoti kitambaa cha kufutia machozi, akamwambia pole, umeokoka.

Kwa hiyo ndiyo, pazia liko chini. Ndiyo, haendi shule. Hapa hakuna atakayemwona, na asipoonekana hakuna wa kuniuliza mimi ni nani yake. Sina hamu ya kuhojiwa tena na watu wema.

Kuna neno moja limenikaa kooni tangu siku ile na leo nalitema. Nilikupigia kutoka kwa daktari wa meno. Laini yako ilikuwa na shughuli, ulikuwa unawapigia watu kuhusu hilo tangazo lako. Ungengoja, dada. Saa moja tu ungengoja, ungenisikia. Kwa nini hukungoja?

Barafu

17 Mei

Mdogo wangu,

Sianzi na salamu leo, utanisamehe. Dereva anaondoka alfajiri na barua yako nimeipata jioni hii. Nimelia, nimenawa, nimekaa.

Laiti ungevunjwa mkono wangu badala ya wako. Hilo nalisema na sina la kuongeza.

Umeuliza kwa nini sikungoja. Siwezi kukueleza. Nimejaribu mistari mitatu nikaifuta yote. Niulize lingine.

Lakini na mimi nina langu la kutema. Umemfungia mtoto ndani, pazia chini, hana shule, hana mwenzake, hakuna anayejua anafananaje. Miezi mitano watu wanatangaza kuwa Kidoti ametoweka na ilikuwa uongo. Wewe umeufanya kuwa kweli. Sasa ndiyo ametoweka, Barafu, na mwanamume mwembamba mwenye koti la kijani ndiye aliyemchukua. Kasirika ukitaka. Kasirika, ukimaliza endelea kusoma.

Mama anaumwa. Sikukwambia ukubwa wake kwa kuwa ningekwambia ungepanda basi, na ukipanda basi nilijua kuna hatari, ingawa sikujua ulishaionja. Si kikohozi. Kuna uvimbe kifuani, watamfanyia upasuaji tarehe nne Julai. Daktari hakuahidi kitu. Mama mwenyewe haulizi habari za kisu, anauliza tu, "Kidoti anakuja lini?" Namwambia karibu. Ameanza kuniangalia kwa jicho baya.

Nina wazo. Kulifuta tangazo hatuwezi, liko kwenye simu za watu ambao hatutawajua mpaka tufe. Lakini tunaweza kupeleka lingine lipite njia zile zile, na safari hii liwe na kazi ya kumpa mtu. Si AMEPATIKANA. Sitalipeleka kwanza kwa wanaotufahamu. Nitampelekea muuza makochi. Nahitaji ruhusa yako, na siku mtakayosafiri.

Dada yako

26 Mei

Dada,

Hapana.

Mama nimemwandikia barua yake peke yake, msomee. Nitatafuta namna ya kuja usiku, peke yangu. Kuwatangazia watu wote siku nitakayopita na mtoto kwenye stendi ile ile, kweli umefikiri? Ulishawatuma mara moja wakaja. Sitaki wajue tulipo.

Barafu

28 Mei. Lori limeharibika, barua ilikuwa bado mezani. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Kidoti ameisoma, na yako pia. Nilikwambia anasoma vizuri. Alikuwa amekaa sakafuni amejikunja. Akaniuliza, "Baba, ulipigwa kwa sababu mimi nilinyamaza?"

Sikujua kama amelibeba hilo muda wote huu. Nilimwambia hapana. Hakuniamini, naye hakulia. Akasema, "Twende kwa bibi. Safari hii nitasema."

Fanya unavyotaka. Tutapanda basi la asubuhi tarehe moja Julai.

7 Juni

Barafu wangu,

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Mama amesomewa barua yako, akasema una mwandiko mbaya lakini maneno mazuri. Amekula uji wote siku hiyo.

Nimeliandika tangazo kisha nikalichana. Maandishi watu wanayakata vipande. Nikawaza sauti, sauti haikatiki kirahisi, na hakuna anayedhani mwanamke mwenye kikohozi kile ni tapeli. Nikamkalisha Mama kitandani, nikamshikia simu. Alitaka kwanza avae kilemba kizuri. Nikamwambia Mama, hawakuoni. Akasema yeye anajiona.

Amesema hivi, neno kwa neno: "Leo ni tarehe saba Juni. Mimi ni bibi yake mtoto mnayemwona kwenye picha, mwenye alama chini ya jicho. Mjukuu wangu hajapotea. Huyo mwanamume mwembamba ni baba yake, nimemzaa mwenyewe, na wembamba ni wa kwao upande wa pili. Tarehe moja Julai watapanda basi kuja kuniona kabla sijaingia hospitali. Ukiwaona njiani usiwazuie. Mwambie mtoto neno moja tu: bibi anakungoja."

Nimeweka picha ile ya wote wanne tulipopaka rangi ukuta. Nilimpelekea muuza makochi dukani, nikasimama mbele yake mpaka asikilize yote. Alikaa kwenye kochi lake mwenyewe ambalo haruhusu wateja walikalie. Akasema, "Mimi nilidhani nasaidia." Nikamwambia na mimi vile vile. Akalituma kwa madereva nikiona kwa macho yangu.

Sikufichi, roho yangu iko juu. Lile la zamani bado linatembea, jana limenifikia kutoka kwa mteja. Sijui lipi litawahi kufika stendi. Vaa koti lingine.

Redio

20 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Tumerudi salama, safari ya kurudi ilikuwa ya kulala tu. Mwambie Mama asianze kupanda ngazi kumfuata jirani wa juu, mshono bado mbichi. Kama anataka kugombana, agombanie dirishani.

Kuna mambo sikuyasimulia pale nyumbani mbele yake. Wewe unastahili kuyajua.

Kituo cha kwanza hakuna aliyetutazama. Nikadhani umepoteza muda wako. Kituo cha pili muuza mayai alinyoosha shingo dirishani, akamwangalia Kidoti. Akasema, "Wewe ndiye? Bibi anakungoja." Akaondoka na mayai yake. Kidoti akajificha kwapani mwangu. Nikahisi anatetemeka, kumbe anacheka.

Stendi kubwa sikutaka tushuke. Yeye ndiye aliyetaka kwenda msalani, na unajua mtoto haambiwi subiri. Tulikuwa hatujamaliza kuvuka uwanja nikasikia, "We bwana! Hebu simama." Kijana mrefu, simu mkononi. Nikaiona picha yangu pale nikinunua viatu. Watu wakaanza kusogea, wale wale wa kila mahali, wema, wana haraka. Mkono wangu ukainuka wenyewe kabla sijauambia. Kijana akamuuliza Kidoti, huyu ni nani yako.

Akanyamaza. Dada, nilikufa pale. Kisha akasema, kwa ile sauti yako ya kumkaripia mteja aliyeleta kitambaa kifupi, "Ni baba yangu. Kwani wewe hujapata ile ya bibi?"

Nyuma ya kijana msichana mmoja mwenye beseni la nguo akasema, "Mimi ninayo," akaifungulia. Mama akakohoa stendi nzima ikasikia. Ilipofika kwenye wembamba wa kwao upande wa pili watu wakacheka, na walipocheka ndipo nilipojua nimepona. Kijana hakuomba radhi. Alisema ni vizuri kuwa waangalifu, akatia simu mfukoni. Sikumlaumu. Nikashusha mkono.

Pazia nimelifungua. Jumatatu Kidoti ameanza shule, anakwenda na kurudi na watoto wa mpakiaji wetu, si mbali, ng'ambo ya barabara tu. Na simu nimenunua, maana shule wanataka kila mzazi awe kwenye kundi la darasa. Usicheke.

Jana nilitoka kazini mapema. Nikainjika maziwa jikoni, nikasikia kengele ya shule. Watoto wa mpakiaji wakapita dirishani. Yeye hayupo. Nikawauliza, wakasema hawajui, walidhani ametangulia. Nikaenda getini, mlinzi hajamwona. Nikarudi ndani, nikatoka tena. Sikumbuki nilivyoishika simu. Nilikuwa nimeshafungua kundi la darasa, nimeshaandika "Mtoto wangu ametoweka", nimeshaandika alama chini ya jicho, nimefika kwenye nguo na siikumbuki rangi ya soksi zake, na kidole changu kile kisichokunjika kinatafuta pa kubonyeza. Hapo akaingia, vumbi mpaka kwenye nywele, akaniambia walikuwa wanamshikia mtu kamba ya kuruka nyuma ya darasa.

Maziwa jikoni yalikuwa bado hayajachemka.

Niliwahi kukuuliza swali ukaniambia nikuulize lingine. Sina lingine, na hilo sikuulizi tena. Nilikaa mezani nikaanza kuyafuta yale maneno, moja moja kutoka mwisho, mpaka nikafika juu kabisa. Tarehe sikuwa nimeweka.

Nisamehe, dada.

Barafu